Skrubu Moja, Nyaya Mbili

Kanombe, Kigali
9 Juni 2024

Mjomba Gakwaya,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, tunaomba nawe uwe hivyo huko Kahama, magoti yakiwemo. Masikio yako siyaulizi. Mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikuwa nakutakia Krismasi njema, nawe ukanijibu, "Nani amekufa?" Kinu cha pamba kimekula masikio lakini macho kimekuachia, basi tutumie macho. Barua hii naipeleka stendi ya Nyabugogo mwenyewe. Dereva wa basi ni yule yule aliyekuwa akimbebea Mama barua zake kwako.

Gwiza yuko darasa la tatu na amepoteza meno mawili ya mbele, kwa hiyo kila neno lenye s linatoka na upepo. Mume wangu Kagabo bado anatunza stoo ya kiwanda kule Masoro. Kaka yangu Jean-Paul yupo Kimihurura. Nasikia ni mzima.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kagabo amenunua gari la umeme. Si jipya, lakini ukimwona anavyolisugua kila Jumamosi utadhani kalizaa yeye. Shida ni kulichaji. Kila akitoka kazini anakaa kwenye foleni ya kituo saa mbili nzima, na akifika nyumbani Gwiza ameshakula na ameshachoka. Tunataka chaja ukutani kwetu. Tumepata fundi, anaitwa Kubwimana, mtu mpole asiyepayuka. Aliitazama tablo, lile sanduku la swichi za umeme koridoni, kwa nje, akasoma swichi kuu, akatikisa kichwa. Ni ya ampea arobaini, na chaja peke yake inataka thelathini na mbili. Anaomba afungue kifuniko aone nyaya zilivyofungwa ndani.

Nimemwambia asubiri, na sababu unaijua. Umeme wa nyumba hii uliuweka wewe mwaka 1997, tuliporudi kutoka Tanzania, na Mama hakuruhusu mkono mwingine uguse. Sisi tuliruhusiwa balbu tu. Alikuwa akisema kumwita fundi wa nje ni kumwambia ndugu yake kwamba kazi yake haitoshi. Mama hayupo tena, lakini sheria yake ipo. Naomba ruhusa yako.

Mpwa wako,
Connie


Kahama
2 Julai 2024

Mpwa wangu Connie,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu yake, nadhani cha dereva. Mimi nipo. Pamba imeanza kuingia kinuni na, ingawa nimestaafu, wananiita kila mota ikigoma, kisha wananipa soda. Mwambie Gwiza meno ya mbele yataota. Ya babu yake ndiyo hayaoti tena.

Hongereni kwa gari. Fundi wenu amesema kweli. Toa thelathini na mbili kwenye arobaini, zinabaki nane kwa nyumba nzima. Pasi peke yake inakula tisa, birika tisa, na hapo jokofu sijalihesabu. Siku Kagabo akichaji na wewe ukapiga pasi sare ya mtoto, mzigo utazidi, swichi kuu itakata, na nyumba nzima itazima, kuanzia taa ya sebuleni mpaka redio ya jikoni. Njia ziko mbili. Mnunue chaja ndogo ya ampea kumi na sita na mchaji wakati vitu vingine vimepumzika. Au muombe watu wa umeme wawaletee laini kubwa, mita mpya, waya mnene kutoka nguzoni na tablo mpya. Mimi ningechukua hiyo ya pili.

Ruhusa nimewapa. Lakini sikiliza vizuri. Tablo ya zamani msiifungue. Fundi akate umeme kwenye mita, aing'oe nzima na kifuniko chake, aitupe. Ina vumbi la miaka mingi na hakuna faida ya mtu kuchungulia humo. Na ile hita ya maji msiiwashe, kama nilivyowaambia.

Nisalimie Kagabo.

Mjomba wako,
Gakwaya


Kanombe
21 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Gwiza amemaliza mwaka wa shule na amepita vizuri, ila mwalimu ameandika kwamba anaongea sana. Kagabo anasema hiyo ni damu ya kwetu.

Mjomba, una nini na tablo ile? Wewe ndiye uliyenikalisha barazani nikiwa mdogo ninyooshe misumari iliyopinda ili itumike tena. Mfuko wako wa waya chakavu Mama aliuita hirizi yako. Leo mtu huyo ananiambia tablo nzima itupwe bila hata kufunguliwa. Kubwimana anasema lazima aifungue ili ajue kila waya unakwenda chumba gani, la sivyo atavunja kuta bila sababu.

Na hiyo hita hukuwa na haja ya kunikataza. Sijaiwasha tangu Machi 2022. Tunaoga maji baridi, na Gwiza namchemshia kidogo kwenye sufuria. Kagabo aliuliza mwaka wa kwanza, kisha akaacha.

Nakuandikia jambo ambalo hatujawahi kuandikiana. Asubuhi ile Mama aliniomba maji ya moto. Mashine yake ya oksijeni ilikuwa inafanya kazi kando ya kitanda, mrija uko puani. Niliwasha hita, nikaongeza sauti ya redio ya jikoni kwa sababu kwaya ilikuwa inaimba na yeye aliipenda, nikatoka kuchuma mboga za dodo bustanini wakati maji yanapata moto. Nilikaa huko nusu saa. Jirani aliniongelesha, nami nikaongea. Niliporudi mashine ilikuwa kimya, na Mama pia.

Wewe ulifika siku ya pili ya msiba. Ukafunga mlango wa korido, ukaifungua tablo peke yako, ukatoka ukasema mbele ya watu wote, kwa sauti yako kubwa ya mtu asiyesikia: "Umeme ulizidiwa. Hita na mashine kwa pamoja, tablo isingeweza." Watu wakanitazama. Jean-Paul akasimama akaondoka, na tangu siku hiyo hajavuka lango langu. Ubatizo wa mwanawe nilisikia kwa majirani.

Simlaumu. Niliyewasha ni mimi. Nilitaka tu ujue kwamba silali vizuri, na nikiiona tablo ile namwona yeye. Pengine na wewe ni hivyo, ndiyo maana hutaki ifunguliwe. Kama ni hivyo niambie, tutalia pamoja, hata kwa barua.

Connie


Kahama
1 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya mafua. Mvua haijanyesha na vumbi linaingia mpaka ndani ya sukari. Mota kubwa ya kinu imeungua, nimekuwa huko wiki nzima.

Kuhusu tablo, nimeshasema. Fanyeni kama nilivyosema.

Kuhusu yale mengine, mambo yaliyopita tumwachie Mungu.

Gakwaya


Kanombe
15 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima.

Nimeifungua. Nilijiambia kwamba mjomba amezeeka na ana huzuni, na mume wangu amechoka kula chakula kilichopoa. Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kubwimana alikata umeme, akatoa skrubu nne za kifuniko, akamulika na simu yake. Kisha akaniita.

"Mama Gwiza, nani alifunga hii? Nyaya mbili kwa skrubu moja. Hii kubwa iko ya hita. Hii kidogo iko ya nini?"

Ule mdogo ulikuwa umekatwa na kufungwa tepu nyekundu, tepu yako ya kinuni. Aliibandua. Ncha ya waya ilikuwa nyeusi na plastiki yake imeyeyuka kwa urefu wa kidole. Skrubu yenyewe imeungua upande mmoja. Tuliufuata waya huo ukutani hadi tukatokea chumbani kwa Mama, kwenye plagi ya mashine.

Alinieleza taratibu. Ukibana waya mnene na mwembamba chini ya skrubu moja, mnene unashikwa na mwembamba unabaki unacheza. Kila hita ikivuta umeme, skrubu inapata moto, na ule mwembamba unaungua kidogo kidogo mpaka unakatika. Nikamwambia hapana, umeme ulizidiwa, mjomba wangu ni fundi na aliona kwa macho yake. Akaniuliza, "Siku ile, nyumba yote ilizima?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini najua, Mjomba. Nilikaa chini kwenye korido. Niliporudi na dodo mkononi kwaya ilikuwa bado inaimba jikoni. Iliimba wakati namwita Mama, na wakati nampiga mashavu, na watu walipoanza kuingia. Niliizima mimi mwenyewe, jirani aliponinong'oneza kwamba haifai redio kuimba penye maiti.

Wewe uliniandikia Julai, kwa mkono wako, kwamba mzigo ukizidi swichi kuu inakata na nyumba nzima inazima, mpaka redio ya jikoni. Redio ya jikoni haikuzima. Iliyozima ni mashine peke yake.

Kubwimana akasema, "Basi haikuzidiwa, mama. Ni hii skrubu. Mbabarira." Aliniomba samahani yeye, ambaye hakumjua hata Mama.

Sitaki uniambie habari za mvua. Niambie uliona nini ulipoifungua.

Connie


Kanombe
3 Novemba 2024

Mjomba,

Dereva ameniambia alikukabidhi barua yangu mkononi, na kwamba ulimkaribisha chai na mkaongea habari za barabara.

Bado nasubiri.

Connie


Kahama
12 Januari 2025

Connie, mtoto wa dada yangu,

Salamu zangu sijui kama utazipokea. Nimeianza barua hii mara sita, na mara zote sita nimejikuta nakuandikia habari za pamba.

Niliona alichokiona fundi wenu. Yote.

Ile mashine ilipoletwa nyumbani, mama yako Umulisa aliniita niifungie laini yake, nami nikaja. Tablo ilikuwa imejaa, hapakuwa na nafasi ya breka hata moja. Ilitakiwa tablo mpya kubwa, kazi ya siku mbili, na mimi nilikuwa na tiketi ya basi la kesho yake. Ungeweza kumwita fundi wa hapo Kanombe, na ulitaka kumwita, nakumbuka. Mama yako akasema hapana, kaka yangu yupo. Mimi nilifurahi kusikia hivyo. Nikauchomeka waya wa mashine chini ya skrubu ya hita nikakaza. Kinuni, fundi angefanya hivyo ningemfukuza siku hiyo hiyo. Nilijiambia nitarudi kuitengeneza.

Siku ya msiba nilipofungua, nilikata ule waya nikaufunga tepu. Nilitoka nikiwa na nia ya kusema. Nikawakuta mmekaa, wote mnanitazama mimi, kaka wa marehemu, fundi wa familia, na yaliyonitoka mdomoni ni yale uliyoyasikia. Jina lako sikulitaja. Miaka yote hii nimejifariji na hilo, kwamba jina lako sikulitaja. Niliona Jean-Paul anavyokutazama, nikanywa uji niliopewa, na nikapanda basi.

Hukuua mtu, Connie. Ni mimi.

Liko na baya zaidi. Nimeweka humu barua ya mama yako ya Februari 2022, aliyoniandikia wiki tatu kabla. Isome mwenyewe, mimi siwezi kuiandika upya. Nilimjibu kwamba asiwe na wasiwasi, ile ni harufu ya waya mpya. Nilijua si harufu ya waya mpya. Niliona aibu kusema kwamba kazi niliyomfanyia dada yangu ni mbovu, nikapanga kwenda baada ya msimu wa kulima.

Jean-Paul nimemwandikia maneno haya haya. Barua zenu zimepanda basi moja. Sikuombi kitu. Usiponijibu nitaelewa, na nitakuwa nakwenda kituoni kuuliza tu kama dereva ni mzima.

Gakwaya


Kanombe
9 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako, sitakunyima.

Gwiza meno yameota, makubwa kuliko uso. Jean-Paul alikuja. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, alisimama langoni na barua yako mfukoni, akaniambia, "Connie, miaka mitatu." Nilimkaribisha ndani nikampa chakula, maana sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Gwiza alimletea maji ya kunawa akamwita mgeni. Alikuwa mdogo mjomba wake alipoacha kuja, hamjui. Jean-Paul alinawa huku analia, na mtoto akaniuliza kwa sauti kama maji ni ya baridi sana.

Laini kubwa imekuja. Kubwimana ameweka tablo mpya, kila waya na breka yake, kila breka na jina lake, na nafasi nne tupu zimebaki. Chaja iko ukutani kando ya lango. Kagabo siku hizi anafika mapema na anakula na sisi. Tablo yako ya zamani sijaitupa. Iko stoo, chini ya magunia, na bado sijui ninaitunzia nini.

Nimekukasirikia kiasi kwamba kuna siku nilikuwa naongea nawe peke yangu nikifua nguo. Kazi mbovu ningekusamehe siku ile ile, Mjomba. Kila mtu amewahi kuharakisha kitu. Lakini ulikaa kwenye basi mpaka Kahama ukijua kwamba nimebaki hapa na maiti ya mama yangu na macho ya watu, kisha ukaniandikia barua za pole, moja kila mwezi, zenye mwandiko mzuri. Hilo linaniuma mpaka leo. Redio ni yangu, hiyo naibeba mwenyewe. Nisingeongeza sauti, labda ningeisikia kengele ya mashine.

Barua ya Mama nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umekuwa nayo miaka mitatu, labda unaijua kwa moyo, lakini naandika mstari huu kwa mkono wangu ili nijue ninauamini: "Ile plagi ya mashine inanuka kuungua kila Connie akiniwashia maji. Njoo uitazame ukipata nafasi. Yeye usimwambie, ataogopa kuniogesha kwa maji ya moto, na hiyo ndiyo raha pekee iliyonibakia."

Basi alikuwa anaisikia harufu. Alilala pale na mrija puani, anasikia plagi inaungua, akaniita kwa sauti yake ya kawaida, akaniomba maji ya moto. Na mimi, kwa kumwogopa yeye aliyekufa, nimejinyima miaka mitatu kitu alichokuwa tayari kunyamaza ili asikikose.

Jana ilitimia miaka mitatu. Gari lilikuwa linachaji nje, Gwiza anapigiwa pasi nguo zake na baba yake. Niliwasha hita. Kisha nilikwenda kukaa kwenye kitanda cha Mama nikasikiliza. Hakuna kilichozima. Nilikaa hapo nusu saa nzima, ile ile niliyokaa bustanini, kisha nikaenda kuoga, na nililia ndani ya maji ya moto mpaka yakaisha na yakaanza kuja baridi.

Sijakusamehe. Sijui hata kama itakuja siku. Lakini unazeeka, na dada yako amezikwa hapa, na tangu siku ile hujawahi kurudi kaburini kwake. Panda basi uje. Utalala chumbani kwake. Maji ya kuoga nitakuwashia mimi.

Connie